Mlango Uliozoea Kiuno Changu

Mwende wangu,

Karatasi hii nimeichomoa kwenye daftari lako la zamani la hesabu, kwa hivyo ukiona alama ya mwalimu pembeni usidhani ni barua yangu aliyoikosoa. Wewe umelala. Nimekuchungulia, mguu wako mmoja uko nje ya blanketi kama kawaida yako, nikaurudisha ndani, ukautoa tena. Basi nimekuacha.

Kesho asubuhi unaondoka na gari ya baba yako kwenda Nanyuki kuuza chakula, na mimi sitakuambia mambo ya kula, wala ya kuvaa, wala ya kupiga simu ukifika. Sweta iko chini ya kiti cha dereva. Ile nyingine iko kwa kabati ya juu. Dawa ya kikohozi iko mfukoni mwa sweta ya kwanza. Hayo nimeyaruka kabisa.

Ninachotaka kukuandikia ni mlango.

Najua utasema, Mum, mlango si tulishautengeneza, na mimi nilikuwa hapo. Ulikuwa hapo mwisho. Mwanzo wake wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa unapitia dirishani kwa sababu ndiyo ilikuwa njia rahisi. Mimi na huo mlango tumeishi pamoja miaka mingi kuliko niliyoishi na baba yako. Siku moja utakuwa kule juu kwenye baridi, mvua imenyesha, utauvuta na utakataa. Utakuwa peke yako. Hapo nataka ukumbuke kila kitu mamako alichofanya, halafu ufanye kinyume.

Unajua baba yako alikuwa dereva wa mzee mmoja mgeni aliyekuwa akikodishia watalii magari ya kulala ndani. Yule mzee alipochoka akarudi kwao. Magari mazuri yakapata wanunuzi, na hii, ambayo hata siku hizo ilikuwa imezeeka kumshinda yeye, akamwachia baba yako. Akaileta hapa Lucky Summer akipiga honi kuanzia kule stejini. Nikatoka nje na mwiko mkononi nikidhani ni harusi.

Nikamuuliza, "Hii ni nini?"

Akasema, "Ni nyumba."

"Nyumba tunayo."

"Hii inatembea."

Nikamwambia, "Sasa nyumba ikitembea, mtu jioni atarudi wapi?"

Alicheka mpaka akashikilia usukani. Mpaka leo sijapata jibu la hilo swali, na kesho naliona likitoka getini.

Haikutembea sana, lakini. Watu wa plot waliiita ambulansi kwa sababu ilikuwa nyeupe, na kuna wakati jirani alikuja mbio na mkewe ana uchungu wa kuzaa, ikabidi baba yako aazime mkokoteni. Baada ya hapo akaipandisha juu ya mawe kando ya mtaro. Tairi akazitoa akaziweka chini ya kitanda chetu, maana tairi ukiiacha nje hapa haioni asubuhi. Alisema anairudisha barabarani mwezi ujao. Alisema hivyo miezi mingi. Halafu akatutoka, na mimi nikabaki nalala juu ya tairi, na gari juu ya mawe, na wewe mdogo unaniuliza tutakula nini.

Ndiyo nikaingia mle ndani nikawasha jiko. Kulikuwa na sinki, kulikuwa na kabati, kulikuwa na kitanda upande wa pili, na dirisha la upande wa mtaro lilikuwa limekaa tu kama limetengenezewa kuuza chapati. Sikuwa na akili nyingine. Nilichokuwa nacho ni mikono na unga.

Mlango ulianza kidogo kidogo. Ulikuwa unasugua juu, kwenye kona ya upande wa kitasa. Ukifungua unasikia krrr. Mtu mwenye akili angesimama ajiulize hiyo krrr inatoka wapi. Mimi nilijifunza kuvuta kwa mikono miwili nikikanyaga ngazi. Na wakati wa kufunga, nageuza mgongo, nautandika kiuno. Bum. Ukishapigwa kiuno unakaa. Nikaona nimepata dawa.

Mama Halima, ambaye makaa yake yako hapo ng'ambo ya njia tangu aolewe kutoka Majengo, aliniambia, "Mama Mwende, mimi nikishaswali alfajiri nalala tena kidogo. Kiuno chako ndicho saa yangu." Nikafikiri ananisifu.

Kiuno kiliposhindwa nikamwita mjomba wako Musyoka. Sasa hapa Mwende nisikilize. Ndugu yangu ni mtu mzuri, na twiga anaochonga wanapanda ndege wanakwenda nchi ambazo sisi hatutafika. Lakini mtu ambaye maisha yake yote amekula kwa kupunguza mti, ukimwonyesha mlango uliokwama, unategemea aone nini?

Alikuja na randa ya kuazima na tezo yake mwenyewe ya kuchongea, maana hatoki nyumbani bila tezo. Akafungua mlango, akaufunga, akatikisa kichwa kama daktari.

"Dada, mlango umezidi."

"Umezidi nini?"

"Umezidi tu. Mti ukisumbua ujue umezidi."

Akapiga randa ile kona ya juu mpaka ukawa unafunguka kama pazia. Nilimpikia pilau. Na kwa sababu pilau ilichelewa, akakaa anachonga twiga mdogo kwenye ule ubao wa ndani wa mlango, pale juu kabisa, shingo ndefu na kichwa kinatazama mbele. Ulikipenda kile kichwa, ulikuwa unakigusa ukiingia.

Mvua ikanyesha, mlango ukakwama. Musyoka akaja, akapunguza. Mvua nyingine, ukakwama, akaja. Kila akija anasema umezidi, na mimi nashangaa huu ni mti gani unaota ukiwa umeshakufa. Mwishowe randa ikapita na kichwa cha twiga. Ulilia siku hiyo. Musyoka akakuambia eti twiga ameingiza kichwa mawinguni.

Halafu kukaja ile siku ya maombi. Wewe ulikuwa shule, umeisikia tu kwa watu, na watu wameiongeza chumvi, kwa hivyo acha nikupe ilivyokuwa.

Akina mama wa kanisa walikuja kuniombea biashara, na pasta wetu yule mnene akaja nao. Tuliingia wote ndani. Kulikuwa na vumbi, mmoja akavuta mlango ukafunga bum. Tukaomba vizuri, tukaimba, tukasema amina. Pasta akashika kitasa atoke. Mlango ukakataa.

Akavuta. Akavuta tena. Mama mmoja nyuma akasema, "Hivi ni vita vya kiroho." Tukaomba mara ya pili, sasa tukiutazama mlango. Haukujali. Joto lilikuwa jingi, mtu mmoja alikuwa amekalia unga wangu, na pasta akaamua kutoka kwa dirisha la kuuzia. Akapitisha kichwa na mkono mmoja na sehemu ya kifua, halafu hapo ndipo mwili wake ulipokumbuka ni wa nani.

Kijana mmoja wa garage akapita, akamwona pasta amejaa dirishani. Akamwambia, "Niaje pasta. Nipe chapo mbili na ndengu."

Pasta ni mtu wa heshima. Akajibu, "Ngoja kidogo, kijana wangu."

Sisi huku nyuma tukawa tunasukuma, wote tumejaa upande ule wa dirisha. Mama Halima akaacha makaa yake akaja kutazama. Akasema kutoka nje, "Nyinyi, mbona mmelalia upande mmoja? Gari imeinama kama mbuzi anakunywa maji. Hebu sogeeni kule kitandani."

Tukamvuta pasta ndani, tukasogea wote upande wa kitanda, tukapandana kama viazi. Na mlango, Mwende, bila mtu kuugusa, ukafunguka. Polepole. Krrr, halafu kimya, halafu mwanga.

Pasta akasema, "Amina."

Mama Halima akasema, "Karibu nje, pasta."

Sasa niambie. Hilo jibu nililetewa mchana, mbele ya mashahidi. Mlango wenyewe umesema hauna shida, gari ndiyo imelala upande. Mimi nikafanya nini? Nilitoa shukrani kanisani, na wiki iliyofuata nikamwita Musyoka apige randa.

Na si hilo tu. Kuna chapati. Unajua wateja wangu walivyokuwa wakiniagiza. "Mathe, nipe ile chapo ya pande mbili." Kwa sababu chapati yangu upande mmoja ilikuwa nyekundu inavunjika, na upande mwingine nyeupe laini, na watu walishachagua pande zao kama siasa. Kuna mzee wa mtaa wa Baba Dogo alikuwa anapita kazi ikiisha kula upande mgumu tu, ule laini anampelekea mkewe asiye na meno. Nilidhani ni mkono wangu. Nilijivunia kabisa. Kumbe mafuta yalikuwa yanakimbilia upande wa mtaro kila siku ya Mungu, mbele ya macho yangu, na mimi nageuza chapati na kuvuta mlango, nageuza chapati na kuvuta mlango, na sikuwahi kuyaweka hayo mawili pamoja.

Ukaja wewe. Umeshafanya kazi ya jikoni kule Donholm, umejifunza gari, umerudi unaniambia, "Mum, nataka ile gari." Nikacheka. Ukaniambia kuna mama Nanyuki ana uwanja kando ya soko, amekubali uegeshe hapo upike, lakini anakungoja mpaka mwanzo wa mwezi tu, baada ya hapo anampa mtu wa nyama choma. Nikaacha kucheka.

Ulilala chini ya ile gari na fundi mpaka nikasahau sura yako bila oili. Tairi za chini ya kitanda zilikuwa ngumu kama mandazi ya juzi, ukaweka mpya. Siku mlipopiga jeki mkatoa mawe, gari ikashuka ikasimama kwa miguu yake, nilihisi kama nimeona mgonjwa ametoka kitandani. Nililia kidogo nikasema ni moshi.

Kesho yake nikapika humo, na chapati zikatoka zimeiva sawa pande zote. Nikapika nyingine. Sawa. Yule mzee wa Baba Dogo akaishika, akaigeuza, akaniuliza, "Mathe, uko sawa nyumbani?" Nikajua mkono wangu umekwisha.

Nilipokuambia ulikaa chini ukacheka. "Mum, ni mafuta yametulia. Gari imenyooka."

Halafu sote wawili tukageuka tukatazama mlango. Juu pale, kwenye ile kona, kulikuwa na nafasi ambayo paka angepita bila kukunja mkia. Miaka yote hiyo Musyoka alikuwa anauchonga mlango ulingane na gari iliyoinama. Sasa gari imesimama wima, na mlango umebaki umekatwa kwa kuinama.

Ukifunga, ulimi wa kitasa haufiki kwenye tundu lake. Unausukuma unarudi, unausukuma unarudi. Nikaupiga kiuno. Ulifunga, ukafikiria, ukafunguka.

Ukasema utaufunga kwa kamba uende. Nikakuambia ile njia ina miteremko, mlango ukifunguka katikati ya safari sufuria zitafika Thika kabla yako. Mlango usipofunga gari haitoki hapa. Na hilo nililisema kwa haki, hata sasa ningelisema. Lakini baadaye, ukiwa umenuna nje, nilikuja na yale maneno mengine, kwamba labda ni Mungu anasema ungoje mwaka mwingine.

Ukaniambia, "Mum, Mungu hana shida na hinji."

Ukaenda kulala bila kula. Mimi nikala chakula chako, kwa wasiwasi.

Asubuhi nilikuwa natazama ile kamba uliyofunga, mwezi uko karibu kuisha, na roho yangu imetulia tulii kama maji ya mtungi. Mama Halima akavuka njia na kikombe chake cha chai, akanitazama, akatazama mlango.

"Mama Mwende, huo mlango unauombea ufunge ama unauombea usifunge?"

Niliingia ndani nikachukua unga.

Sasa hapa ndipo ulipokuwepo, lakini ulikuwa bado umekasirika na mtu aliyekasirika haoni vizuri, kwa hivyo naandika. Ukiona mlango unasumbua kule Nanyuki, kwanza usiuguse. Weka maji kwenye sufuria pana juu ya jiko uone yanalala upande gani. Uwanja wa yule mama hujui ulivyo. Sogeza gari, au weka ubao chini ya tairi, mpaka maji yakae. Angalia na upepo wa tairi. Wewe unakumbuka ile tairi ya nyuma kushoto ilikuwa laini, ulipoijaza tu mlango ukapanda kidogo, na wewe ukasema "aah" ukiwa hutaki nisikie. Nilisikia.

Gari ikishakaa, shika mlango kwa chini uuinue kidogo. Ukicheza, ni hinji, zile bawaba zake. Ile ya chini tulikuta skrubu zinazunguka tu ndani ya mti uliooza, maana maji ya mvua yalikuwa yanapita pale siku zote nami nafuta kwa tambara nikidhani ni jasho la sufuria. Hakuna maana ya kukaza skrubu kwenye mti uliokufa. Tulitoa ule mti wote laini, tukaweka kipande kigumu, na skrubu ndefu. Ukiona pale pamekuwa peusi tena, usipake rangi juu. Tafuta maji yanaingia wapi.

Hinji zikiwa sawa ndipo unachukua unga. Paka kwenye fremu, funga, fungua, utaona mlango umebeba unga pale unapogusa. Na pale usipogusa, bana karatasi ndani ya mlango uivute. Ikitoka bila kubishana, hapo pana nafasi, hapo baridi itaingia na mvua itaingia. Usishangae wakati wa mvua mlango ukivimba, mti ni mti. Uache ukauke kwanza ndipo uukasirikie. Randa ni kitu cha mwisho kabisa, na kabla ya kufika kwa randa, nipigie. Si kwa ajili ya ushauri. Nipate muda wa kumficha Musyoka.

Maskini, alivyokuja safari hii. Nilimwambia, "Kaka, sasa rudisha."

"Nirudishe nini?"

"Ulichotoa."

Akakaa kwenye ngazi ya gari akashika kichwa. "Dada, mimi kazi yangu ni kutoa. Kuongeza sijafundishwa."

"Basi ujifunze, mtoto anasafiri."

Ulimwona mwenyewe. Alikata kile kipande cha mvule, akakipima, akakipima tena, mtu ambaye hajawahi kupima kitu tangu azaliwe. Akakigundisha pale juu, akakikaza, akasogeza kile kibati kinachopokea ulimi wa kitasa, wewe ukaweka mpira mpya kuzunguka mlango wote. Na kwa sababu kipande kilifika mpaka kwa yule twiga, akamchongea kichwa kipya. Rangi haifanani, shingo ni ya kijivu na kichwa ni chekundu kama amechomwa na jua. Na anatazama nyuma. Nilimuuliza mbona anatazama nyuma. Akasema nafasi iliyobaki ilikuwa ndogo, akitazama mbele mdomo ungeingia kwenye fremu. Nimekubali hayo maelezo.

Kuna kitu kingine, halafu nifunge. Baba yako alipotutoka, na wewe ukaanza kukua, ulinisumbua, ama ndivyo nilivyoona. Ulikuwa unaimba jikoni nikakuambia unyamaze. Ulikuwa na rafiki yule wa nywele za rangi nikamfukuza. Ulitaka kwenda kucheza mpira wa wavu nikasema wasichana wa hapa hawachezi, na walikuwa wanacheza, nilikuwa nawaona. Kila ulipogusa mahali nikasema umezidi. Mwende, mimi ndiye nilikuwa nimelala upande. Wewe ulikuwa sawa. Naacha hapo kwa sababu najua utasema nimeanza kuhubiri, na karatasi inaisha. Vile vipande sijui kama vinarudishwa. Lakini Musyoka amebakisha mvule kidogo, na siku hizi anajua kuongeza, sasa imekuwa shida, juzi alikuwa anataka kuongezea meza yangu mguu wa tano.

Usiniwazie. Pale palipokuwa na gari Musyoka amenijengea kibanda, mabati mazuri, meza ndefu. Mawe nimeyaacha palepale, watu wanakalia wakingoja chakula. Na kwa sababu wateja wamelalamika hawajazoea chapati ya upande mmoja, nimeweka kijiwe chini ya mguu wa jiko. Yule mzee wa Baba Dogo amerudi. Kibanda hakina mlango, kina pazia. Asubuhi ya leo nimefunga pazia nikageuka nikalipiga kiuno, karibu nianguke ndani ya ndengu. Mama Halima ameona. Amesema atatafuta saa ya ukutani.

Nimetoka sasa hivi kuujaribu mlango. Sikuupiga, nimetumia kidole kimoja, vile uliniambia. Umefunga ukasema tk. Nimefungua nikafunga tena, tk. Ni sauti ndogo sana, Mwende. Sijaizoea. Nilingoja nione kama utafunguka wenyewe, nikangoja sana, mbu wakaniuma. Haukufunguka.

Basi kesho uufunge wewe mwenyewe, kutoka ndani. Mimi nitasimama upande wa mtaro, nitakuwa nimevaa leso yangu ile ya kijani ili unione kwenye kioo. Nikisikia tu hiyo tk nitajua uko sawa na barabara. Lakini ukiwa umeshawasha gari, uanze kutoka, halafu usikie kitu kimegonga ubavuni bum, usisimame kuangalia. Si kitu kimeharibika. Endesha tu.

Ni mimi,
Mamako